Maua Ndani ya Kola

Pasi ilipanda kwenye kola, ikasita, ikashukia upande wa pili. Daraja aliiinua, akaisimamisha kwa kisigino chake, akapitisha kidole gumba pale iliposita. Ndani ya kitambaa kulikuwa na kivimbe kidogo cha duara, na chini yake mstari mwembamba wa kikonyo. Lilikuwa ua. Joho lililotangulia lilikuwa na ua pia, na lile la kabla yake lilikuwa na jani.

Miaka yote amekuwa akiyapiga pasi majoho ya kwaya ya watoto, na miaka yote alidhani ni uzi uliojikunja ndani, uvivu mdogo wa mshonaji mwenye haraka. Sasa alijua ni nini. Na jambo ukishalijua, hata ukilifumbia macho, lenyewe halikufumbii.

Alichovya vidole kwenye bakuli la maji, akanyunyiza. Maji yakalia yalipoguswa na chuma. Ndani ya mvuke ule akamwona tena Mama Mshonaji amepiga magoti, kichwa amekiinamisha kidogo upande wa kulia, kama mtu anayesikiliza iwapo kuna anayebisha hodi. Marehemu hakuwa na hasira. Angekuwa na hasira ingekuwa afadhali. Alikuwa anangoja tu.

"Nitasema," Daraja alimwambia kwa sauti ya chini, ili wapita njia wasidhani amepagawa. "Niache nimalize kwanza kazi za watu."

Mvuke ukatawanyika. Upande wa pili wa ukuta, kwenye duka la ushonaji, cherehani ikaanza kunguruma, naye akashtuka hata nusura aiangushe pasi miguuni. Ni binti wa marehemu, alijikumbusha. Binti ndiye anayeshona sasa. Lakini moyo ulichukua muda kukubali, maana mama na mtoto walikanyaga ile cherehani kwa mwendo mmoja.

Hakuzaliwa akiitwa Daraja. Jina alipewa na kanisa, na kama majina mengi ya kupewa, hakuulizwa kama linamtosha. Baba yake alikuwa mtu wa mlimani, mama yake mtu wa ng'ambo ya mto, na yeye akakua na lugha mbili kinywani kama mtoto aliyepewa pipi mbili na hajui aanze na ipi. Mto ulipofurika ukabomoa kanisa la ng'ambo, watu wa mlimani waliwaambia wenzao, njooni msali kwetu kwa muda. Muda ule ukaota mizizi. Watoto walibatizwa, wazee walizikwa, na bado watu wa mlimani walikaa upande wa kushoto, watu wa ng'ambo upande wa kulia, na katikati, kwenye stuli karibu na mimbari, alikaa mkalimani. Kila sala ilisemwa mara mbili. Sheria ilikuwa moja: hakuna amina mpaka mkalimani amalize, kwa sababu amina ya nusu ya watu haifungi sala.

Stuli ile ilikuwa ya shangazi yake kabla haijawa yake, na shangazi naye alikuwa dobi. Alimfundisha kazi zote mbili, na alizifundisha kama kazi moja.

"Nguo kavu ukiilazimisha unaiunguza," alikuwa akisema. "Inyunyizie maji kwanza. Na neno la mtu mwenye hasira ni vivyo hivyo, mwanangu. Usilipeleke kavu."

Ndiyo maana kando ya stuli pakawekwa glasi ya maji. Mzee wa mlimani akiomba, "Bwana, wafundishe hawa wenzetu kuja kwa wakati," mkalimani alimeza funda moja, kisha upande wa kulia ukasikia, "Bwana, utufundishe sote kuuheshimu wakati wako." Upande wa kulia wakaitikia amina kwa moyo wote, na Jumapili iliyofuata wakachelewa kama kawaida. Kanisa lilikwenda hivyo, wala halikuanguka. Daraja alipoachiwa stuli, akaachiwa na glasi.

Ugomvi wa kitambaa ndio uliokataa kunyooka. Mke wa Fundi Saa, mwanamke wa mlimani, alitarizi kitambaa cha meza ya Bwana akiwa mgonjwa, ua moja moja, kila alipopata nguvu ya kushika sindano. Alipokimaliza, naye akaisha. Kitambaa kilitandikwa mezani Jumapili baada ya Jumapili, mpaka siku moja kikawa hakipo. Mama Mshonaji, mtu wa ng'ambo, ndiye aliyetunza vitambaa vya kanisa, naye akasema kimeliwa na nondo, amekichoma. Fundi Saa akasema yeye hajapata kuona nondo wanaokula kitambaa kizima bila kusaza hata pindo. Watu walicheka. Baadaye hawakucheka tena, maana mzee hakuacha kusema, na msiba wa mtu mmoja ukageuka kuwa madai ya upande mzima. Kushoto wakanong'ona kwamba waliwakaribisha watu wakaibiwa. Kulia wakanong'ona kwamba wamechoka kusimangwa.

Kanisa lile lilikuwa na desturi yake. Waliokosana hawakukabiliana. Waliingizwa kwenye chumba kidogo nyuma ya mimbari, wakapiga magoti wakiutazama ukuta mmoja, mkalimani katikati yao, na kila mmoja alisema na Mungu, si na mwenzake. Mwenzake alisikia kupitia kwa mkalimani. Aliyeguswa alibaki magotini. Asiyeguswa aliinuka akaenda zake, na hakuna aliyeruhusiwa kumuuliza kwa nini.

Mvua zilipoanza, Mama Mshonaji aliomba mwenyewe aingizwe mle pamoja na Fundi Saa. Alikuwa amekonda, gauni alilolishona kwa mikono yake lilimpwaya mabegani. Alisema kwa lugha ya ng'ambo, polepole, bila kulia.

"Mungu, nondo hawakula kitu. Nilikikata mimi kwa mkasi wangu. Kilikuwa kizuri kuliko chochote nilichowahi kushona, na kila Jumapili nilikiona kinanicheka. Nilipokwisha kukikata nikaogopa kukitupa, nikakishona ndani ya kola za watoto. Mwanamke yule hakunikosea neno. Nisamehe, na mume wake anisamehe."

Daraja alimtazama Fundi Saa. Mishipa ya shingo ya mzee ilikuwa imesimama tayari, na hajasikia lolote bado. Akaiona Jumapili inayokuja, viti vikirushwa, watoto wakivuliwa majoho hadharani. Mle chumbani hapakuwa na glasi. Alimeza mate, akasema kwa lugha ya mlimani, "Mungu, utusaidie kupendana, na uwafariji wote waliofiwa."

Fundi Saa alingoja kidogo, kwamba labda kuna zaidi. Hapakuwa na zaidi. Akainuka, akapangusa magoti, akatoka. Na Mama Mshonaji, aliyejua kimlimani cha salamu tu, akabaki pale ameinamisha kichwa upande, akisikiliza nyayo za mtu aliyemwomba msamaha zikimwacha.

Mvua hazikuisha kabla hajafa.

"Hodi humu."

"Karibu. Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

Fundi Saa alikuwa amefuata koti lake. Jicho lake la kulia lilikuwa dogo kuliko la kushoto kwa sababu ya kubana lenzi miaka mingi, kwa hiyo hata alipokusalimia tu ulihisi anakutafutia hitilafu. Alisimama kando ya kamba yalipotundikwa majoho, bega lake likigusa mkono wa joho moja. Daraja akaenda kusimama kati yake na majoho, akijifanya anatafuta hanga.

"Habari ya Jumapili umeipata," mzee alisema.

"Nimeipata. Maombi ya mwongozo."

"Mwongozo gani? Watu wameshaamua, wanamtafutia Mungu mahali pa kuweka sahihi tu." Alicheka peke yake, kicheko kifupi. "Lile ghala la mbao tumelipata. Tutasali huko sisi na lugha yetu. Utapumzisha koo lako."

"Kanisa ni moja, mzee."

"Lilikuwa moja." Aliliangalia koti lake, akang'oa uzi usioonekana. "Jumapili nitaomba mimi kwa niaba ya upande wetu. Nataka neno langu lifike kama lilivyotoka. Wewe ni mtu wa amani, nakujua, na shangazi yako alikuwa hivyo hivyo, Mungu amrehemu. Ila safari hii usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa."

"Sawa, mzee."

"Maana yule mama amekufa na neno langu kinywani mwake. Sikutaka kitambaa. Kitambaa ningekifanyia nini? Nilitaka aseme tu kwamba mimi si mwendawazimu. Nilipiga magoti mle chumbani na hili goti bovu, nikangoja, na yeye akaomba upendo." Alilirudia neno lile taratibu. "Upendo. Utadhani tumekwenda kumtazama mgonjwa."

Hapo ndipo pa kusema. Daraja alijua kabisa kwamba ndipo, na koo lilikuwa wazi, na mlango ulikuwa umefungwa, na hakuna mtu mwingine wa kusikia. Alifungua kinywa.

"Koti lako, mzee," alisema.

Alipoondoka, Daraja alikaa juu ya kikapu cha nguo chafu na kujiona mtu duni kuliko vyote vilivyokuwamo ndani yake. Ulimi hauna mfupa, watu husema, wakimaanisha unateleza. Wake ulikuwa umegoma.

Jioni ileile alikusanya majoho mikononi akavuka kwenda mlango wa pili. Binti wa mshonaji ndiye aliyefundisha kwaya ya watoto. Alikuwa ameinamia cherehani, pini tatu mdomoni, akazitoa ili amkaribishe.

"Dada Daraja, umeyanyoosha mpaka yanang'aa. Wavae vizuri, huenda ni mara ya mwisho kuimba wote pamoja."

"Usiseme hivyo."

"Nisiposema mimi atasema Fundi Saa." Alichukua joho moja, akaikunjua kola, akaikunja tena, vidole vyake vikipita juu ya ua bila kuliona. "Nikuambie kitu? Mama siku za mwisho alikuwa haongei. Neno alilorudia ni moja, 'Nilimwomba, akainuka.' Sikujua alimwomba nini. Niliona aibu kumuuliza. Lakini mtu aliyemwinukia mgonjwa akiwa magotini, halafu leo ndiye anayeomba mwongozo? Aende kwenye hilo ghala lake. Mlango ni mpana."

Daraja alishika ukingo wa meza. Aliona sasa jinsi alivyowafunga watu wawili kwa uzi mmoja, mmoja akidhani hajaombwa, mwingine akifa akidhani amekataliwa, na ncha zote mbili amezishika yeye. Nyuma ya binti, kwenye kona ya mabaki ya vitambaa, kulikuwa na mtu amepiga magoti. Hakutazama huko. Aliaga na kusahau kuchukua malipo yake.

Nyumbani, mume wake, fundi bomba, alimtazama akikoroga chai isiyo na sukari.

"Siku hizi unaongea na pasi kuliko unavyoongea na mimi."

"Pasi haijibu."

"Ndicho unachoipendea." Alimsogezea kopo la sukari. "Nini?"

"Ukiziba bomba la mtu wewe mwenyewe, kwa makosa yako, unamwambia mwenye nyumba?"

Mume wake alifikiri. Alikuwa mtu wa utani, lakini katika mambo ya mabomba hakutania. "Nikimwambia ananifukuza. Nisipomwambia, maji hayapotei. Yanarudi na kutokea jikoni kwake." Akanywa chai. "Umeziba la nani?"

Daraja alitia sukari, akakoroga tena, na mume wake hakumshurutisha. Waliishi vizuri kwa sababu hiyo.

Jumapili viti vyote vilijaa, hata wale wa Krismasi tu walikuja. Mchungaji, kijana aliyehamishiwa pale akijua kimlimani nusu na king'ambo robo, alisema maneno machache ya ufunguzi huku akimtazama Daraja kama mtu anayevuka barabara huku ameshikwa mkono. Watoto wa kwaya waliimba wimbo mmoja, ubeti mmoja kwa kila lugha. Majoho yalikuwa yamenyooka. Daraja alizitazama kola zile zilizopanda na kushuka na pumzi za watoto, akaona bustani nzima iliyozikwa hai.

Kisha Fundi Saa akasimama.

"Mungu," alisema, na Daraja akasema Mungu. "Tumekuja kukuuliza njia." Akalifikisha neno hilo. "Tulikaribisha watu kwa moyo, na sasa moyo umechoka." Hilo pia alilifikisha, kavu kama lilivyotoka, na upande wa kulia ukasogeasogea kwenye viti.

"Nilimwomba mtu mmoja neno moja tu, ukamchukua kabla hajalisema. Kama hilo ndilo jibu lako, basi tuondoke."

Mkono wa Daraja ulikwenda wenyewe kwenye glasi. Tayari alikuwa na sentensi kinywani, nzuri, laini, iliyokunjwa vizuri: Bwana, tufariji kwa ajili ya yale ambayo hatukupata kuyasikia. Ingepita. Shangazi angeipenda. Na pale sakafuni, katikati ya kushoto na kulia, mahali ambapo hapakuwa na kiti, Mama Mshonaji alikuwa amepiga magoti, ameinamisha kichwa, anasikiliza.

Aliiacha glasi. Alinyamaza.

Watu walingoja. Mtu mmoja akakohoa. Mchungaji akageuka. Kunyamaza kwa mkalimani lilikuwa jambo ambalo kanisa lile halijawahi kulisikia, na watu walianza kufumbua macho mmoja mmoja.

"Alilisema," Daraja alisema kwa lugha ya mlimani. Sauti yake ilimshangaza, hajawahi kuitumia akiwa kwenye stuli ile kwa ajili ya maneno yake mwenyewe. "Alilisema, mzee, mle chumbani. Mimi ndiye sikulifikisha. Niliogopa, nikakuletea jingine." Akayageuza yaleyale kwa lugha ya ng'ambo. Kisha akafumba macho, akamfasiri marehemu.

Alianza mwanzo. Mungu, nondo hawakula kitu. Kwanza kwa lugha ya ng'ambo, kwa mwendo uleule wa polepole, kisha kwa lugha ya mlimani. Nilikikata mimi kwa mkasi wangu. Hakuongeza wala hakupunguza. Alipofika kwenye kola za watoto, upande wa kushoto ukapiga mguno, na mtu akasema, "Si tulisema?" Upande wa kulia ukageuka wote kumtazama binti wa mshonaji, aliyekuwa amesimama mbele ya kwaya, viganja vyote viwili usoni. Daraja hakusimama. Mwanamke yule hakunikosea neno. Nisamehe, na mume wake anisamehe.

Alipofumbua macho, Fundi Saa alikuwa ameinua mkono kuwanyamazisha watu wa upande wake, na walinyamaza.

Mzee alitoka kwenye safu yake. Alipita katikati, akaenda mpaka kwa watoto, kwa msichana mdogo wa mwisho kwenye mstari. Alishika kola yake kwa vidole viwili. Vilikuwa vidole vilivyozoea magurudumu ya saa, madogo kuliko punje ya mchele, na vilitembea ndani ya kola ile taratibu, vikaenda, vikarudi, vikasimama mahali. Uso wake ukabadilika. Msichana alisimama wima bila kupumua, macho yamemtoka.

Kisha mzee akasema kitu kwa sauti ndogo, na hakumwambia Mungu wala mtoto.

Watu wote wa upande wa kulia wakamgeukia Daraja. Binti wa mshonaji naye akashusha mikono usoni, akamgeukia. 

"Anasema," Daraja alisema, akasita, kisha akayapeleka yalivyo. "Anasema, 'Kwa hiyo aliniona nikiinuka.'"

Binti alimtazama mzee. Alikuwa na machozi, na hasira bado ilikuwemo, haikuwa imekwenda popote.

"Mwambie alimwona," alisema.

"Alikuona," Daraja alisema kwa lugha ya mlimani.

Fundi Saa alitikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyepokea alichokuja kuchukua na kukikuta kizito kuliko alivyodhani. Aliiachia kola, akailaza vizuri shingoni mwa mtoto. Mchungaji alifungua kinywa ili afunge sala, akamtazama mkalimani, akakifumba.

Mzee alirudi mpaka pale katikati, mahali ambapo hapakuwa na kiti. Akashika goti lake bovu kwa mkono, akashuka, kwanza upande mmoja, halafu mwingine. Pembeni yake aliacha nafasi ya mtu. Alielekeza uso ukutani, akainamisha kichwa kidogo upande wa kushoto, akasikiliza.

Kushoto walingoja. Kulia walingoja. Kando ya stuli glasi ilikuwa imejaa, na hakuna aliyesema amina.